Mkono Ndani ya Ntumba

Sehemu ya Kumi na Moja

Wiki nzima mmenisumbua. Kuna mama mmoja amenisimamisha sokoni Sumbawanga, mfuko wa maharage mkononi, hataki kunipisha mpaka nimwambie dereva wa katapila ni nani. Nilimwambia anunue gazeti kama wenzake. Haya, tegeni sikio.

Kwa yule aliyechelewa: kampuni ya makaa ya mawe iitwayo Mwamba Mweusi imeingia kijiji cha Ilembwe, huku juu Ufipa, na inalitaka shamba la Silvana. Silvana ni mama wa watoto watatu. Mumewe, Wilibrodi, alikwenda machimbo ya dhahabu Mpanda, na huu ni mwaka wa nne hajarudi. Asubuhi ile Silvana alikaa katikati ya shamba, jembe magotini, wanawake wenzake tisa wakiwa nyuma yake. Katapila likaja likasimama hatua kumi mbele yao. Dereva akavua kofia ngumu, na Silvana akamtambua.

Chini ya kofia kulikuwa na nywele zilizosukwa.

"Shikamoo, mama," alisema dereva.

Alikuwa Fortunata. Mtoto wake wa ubatizo! Silvana ndiye aliyemshika siku Padri anamwagia maji, na ndiye aliyegombana na ukoo mzima ili binti aende Izia, Sumbawanga mjini, kwa shangazi yake akasomee mitambo.

"Marahaba," Silvana aliitikia, maana salamu ni salamu hata mbele ya katapila. "Shuka."

"Siwezi, mama."

"Nimesema shuka, Fortunata."

"Nikishuka leo nimeshuka moja kwa moja. Bado niko kwenye majaribio. Wanaume kumi na wawili waliitaka hii nafasi, na wote wanasubiri nikosee." Mikono haikutoka kwenye vishikio. "Wewe ndiye uliyeniambia nisiolewe kabla sijapata cheti. Nimepata. Sasa unaniambia nishuke?"

Silvana aliona fahari na uchungu kwa pamoja. Binti alikuwa anasema kweli.

"Basi usizime," alisema mwishowe. "Lakini usisogee."

Fortunata hakuzima, na hakusogea.

Hapo ndipo Maganga alipojitokeza nyuma ya katapila, shati jeupe, faili kwapani, akikanyaga matope kwa uangalifu kama anayevuka mto. Huyu ni mpima ardhi wa kampuni, mtu wa Nzega. Nyuma yake alikuja mwenyekiti wa kijiji, Zenon, Mfipa wa hapa hapa, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Akina mama, tusicheleweshane," alisema Maganga. "Mnazuia kazi kwenye eneo lisilo na mtu."

"Sisi ni nani basi?" aliuliza Silvana.

"Namaanisha halilimwi. Nilikuja mwenyewe mwezi wa pili, nikaliandika." Akafungua faili, akasoma kwa sauti ya ofisini. "Pori lenye vichuguu. Halijapata kulimwa karibuni."

Wanawake walitazamana. Halafu mmoja akaguna, wa pili akashindwa kujizuia, na kicheko kikapanda shamba zima mpaka Maganga akaangalia kama suruali yake imechanika.

"Vichuguu," alirudia bibi Gaudiosa, akijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Huyu ni mama mkwe wa Silvana, miaka sabini na kitu, mdomo wake haujawahi kupumzika. "Kumbe sisi ni mchwa. Miaka yote hii nazaa mchwa, nabatiza mchwa, na Padri kanyamaza tu."

Msomaji wangu wa Tabora, wewe unayemwonea Maganga huruma, ngoja nikufahamishe. Yale hayakuwa vichuguu. Zilikuwa ntumba. Mvua zikikolea na majani yakiwa marefu, mkulima wa Ufipa hachomi moto. Anakata udongo pamoja na majani yake, anaupindua, anatengeneza tuta la duara linalomfika magotini, majani yamezikwa ndani yaoze. Juu anapanda maharage. Msimu unaofuata anazivunja, anatawanya, anamwaga ulezi. Mbolea yetu ndiyo hiyo, na hakuna duka inakouzwa. Mgeni akipita mwezi wa pili, kabla maharage hayajachomoza, anaona vilima mia nne vyenye majani ubavuni, anaandika vichuguu na kuondoka zake.

Lakini Zenon hakuwa mgeni.

"Mwenyekiti," Silvana alimgeukia. "Huyu ndugu hajui, tunamsamehe. Na wewe? Muhtasari wa kijiji unaosema hapa ni pori una saini ya nani?"

Zenon alikohoa. "Kitaalamu, neno shamba lina maana pana..."

"Kitaalamu, mama yako alikulisha nini?"

Zenon aliivuta kofia chini zaidi. "Silvana, tutazame mbele. Barabara itakuja, umeme utakuja, zahanati itakuja. Mwanamke mmoja hawezi kuzuia maendeleo ya kijiji."

"Zahanati gani? Ile mliyowaahidi wenzetu wa bonde la pili? Imefika kwenye lenta mwaka juzi, mbuzi wanalala humo. Chemchemi yao imekuwa nyeusi, wanawake wanatembea saa mbili kufuata maji, na nguo wakianika zinarudi chafu kuliko zilivyotoka. Hayo maendeleo wamepata wanaume waliopewa koti la kung'aa wakashika bendera barabarani. Wenye ndoo kichwani wamepata nini?"

"Unaongea siasa."

"Naongea maji. Siasa ni zako."

Maganga alitazama saa. "Mama, hata mkicheka, hata mkigombana, mimi nafuata karatasi."

"Vizuri," alisema Silvana. Akasimama, akajipangusa matope. "Njoo basi uipime kwa mkono. Ingiza mkono humu."

"Wapi?"

"Kwenye kichuguu chako."

Maganga alirudi nyuma hatua moja. "Na nyoka?"

"Nyoka gani anakaa na mchwa?" Gaudiosa alichomekea.

Nafikiri Maganga aliona aibu. Mtu mzima, amesoma, anatazamwa na wanawake kumi na mwenyekiti na dereva wa kike aliye juu ya katapila. Akampa Zenon faili, akakunja mkono wa shati, akapiga goti moja, akasukuma vidole kwenye ubavu wa ntumba. Kiganja kikazama. Kikafuatia kiwiko.

Uso wake ulibadilika.

"Kuna moto humu," alisema polepole.

"Hakuna moto. Ni majani yanaoza," alisema Silvana. "Ntumba ya mwezi mmoja ina joto hivyo. Ya mwaka jana imepoa. Ukitaka nikuoneshe ya mwaka jana, iko pale juu, nimeibakiza kwa mbegu. Ukitaka ya mwaka juzi, utakanyaga ulezi wangu. Shamba hili linaonesha miaka yake kwa mkono, hata kipofu anaweza kulisoma."

Alipiga jembe mara moja, akaipasua ile ntumba katikati. Mvuke ukatoka. Majani yalikuwa yamelala ndani kwa tabaka, yamekuwa meusi, na juu kabisa mbegu za maharage zilikuwa zimepasuka, vijani vyeupe vimejikunja kutafuta mwanga. Silvana alijisikia vibaya kuiharibu. Lakini aliiacha wazi ili Maganga aone vizuri.

Maganga aliitazama kwa muda mrefu. Mkono wake ulikuwa mweusi mpaka kwenye kiwiko na shati halikuwa jeupe tena.

"Kwetu tunalima matuta marefu, yaliyonyooka," alisema, kama anayejieleza kwa mama yake. "Tunapiga kwa ng'ombe. Sikujua." Akamnyang'anya Zenon faili. "Nimekosea. Hili ni shamba, na linalimwa. Nafuta ile fomu, najaza nyingine sasa hivi, hapa hapa."

Wanawake hawakupiga vigelegele. Walikuwa wamezoea kudanganywa, wakasubiri waone kalamu ikitembea. Fortunata naye, juu kule, alipunguza mngurumo wa injini ili asikie.

"Jina la mmiliki," alisema Maganga.

Silvana alifungua mdomo, na Zenon akamwahi.

"Wilibrodi," alisema mwenyekiti. Sasa alitabasamu, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kama ni shamba, basi shamba lina mwenyewe. Na mwenyewe amekwisha kuridhia."

Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imekunjwa mara nne.

Silvana aliisoma mara mbili. Mimi Wilibrodi, mwenye shamba lililopo Ilembwe, naridhia eneo litumike na kampuni. Tarehe ya Alhamisi iliyopita. Na chini, saini. Ile W yenye mkia mrefu aliyokuwa akiiona kwenye madaftari ya watoto, zamani, baba yao alipokuwa bado anayakagua.

Haikuwa ya kughushi. Hilo ndilo lililomvunja nguvu.

Miaka minne hajaleta hata salamu. Mtoto wa mwisho anamjua kwa picha. Silvana amelima, amevuna, amezika shemeji yake, amepeleka watoto shule, na yule mtu huko Mpanda kumbe alikuwa na kalamu siku zote. Hasira ilimpanda. Na katikati ya hasira, jambo lililomtia aibu mwenyewe: moyo ulimruka kwa furaha kwamba yu hai.

"Basi yamekwisha," alisema Zenon. "Dereva, endelea."

"Subiri," alisema Gaudiosa.

Bibi alikuwa ameacha kucheka. Akanyoosha mkono, akaichukua ile karatasi, akaishika juu chini, maana hakusoma. "Mwanangu kaandika nini humu?"

"Kwamba shamba ni lake na amelitoa," alisema Silvana kwa sauti ndogo.

"Muongo." Gaudiosa alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Wilibrodi hajawahi kumiliki hapa hata ntumba moja. Baba yake alipokufa, ukoo ulikaa, ukanikabidhi mimi. Nilikuwa nimelifyeka mimi, tumbo likiwa na yeye ndani. Wakasema, Gaudiosa, hili ni lako, utampa umtakaye. Mimi sijafa. Na sijaridhia kitu."

Zenon tabasamu lilimkauka. "Bibi, hayo ni mambo ya kimila..."

"Na mila ndiyo inayotambulika kwenye ardhi ya kijiji," Maganga alimkatiza. Jamaa alikuwa amekasirika sasa, kama mtu aliyegundua kwamba amefanywa mjinga. "Bibi, shikamoo. Nisamehe sikukuamkia. Unataka niandike nani?"

Gaudiosa alimtazama mkwe wake. Wawili hawa, nawakumbusha, kwenye sehemu ya tatu hawakuwa wakisalimiana.

"Andika Silvana," alisema. "Nimempa leo. Ninyi nyote masikio mnayo."

Silvana alishika mkono wa bibi, na bibi akauondoa haraka, maana hapendi mambo ya kushikana.

"Nahitaji shahidi," alisema Maganga. "Mmoja tu, aliyekuwepo ukoo ulipokukabidhi. Bila hivyo watanirudishia fomu."

"Walikuwa watatu. Rafaeli amekufa. Yusto tumemzika mwaka jana."

"Na wa tatu?"

Gaudiosa aliikunja tena ile karatasi ya mwanawe.

"Wa tatu ni Wilibrodi."

Simu ya Zenon ikaita. Aliipokea, akasikiliza, akawasha spika na kuiinua juu kuelekea katapila. Sauti ya meneja wa kampuni ikatoka, imekauka: "Dereva, sukuma. Ukishindwa, mwachie anayeweza. Wako wengi."

Mngurumo wa injini ukapanda. Lile katapila likatikisika. Wanawake tisa wakasogea mbele, wakakaa, kila mmoja juu ya ntumba yake. Silvana hakukaa. Alimtazama Fortunata machoni, na safari hii hakumwambia ashuke. Aliona binti anavyouma mdomo. Kwa mara ya kwanza alielewa kwamba leo kuna watu wawili wanaopokonywa walichohangaikia.

Ndoo ya chuma yenye meno ikanyanyuka. Ikakaa hewani.

Ikashuka taratibu, ikalala chini, mbali na ntumba ya kwanza.

Katapila likageuka. Likarudi nyuma mpaka kwenye njia nyembamba ya kuingilia shambani, pale penye mfereji huku na huku, likajilaza kukingama njia yote. Hapapiti hata baiskeli. Injini ikanyamaza, na ule ukimya ukafanya kila mtu asikie maji yakitiririka mferejini.

Fortunata alishuka, kofia kwapani, ufunguo mkononi. Alitembea katikati ya zile ntumba mia nne, akiinama hapa, akiinama pale, mgongo kawageuzia. Aliporudi, mikono yote miwili ilikuwa na matope mpaka kwenye viwiko na ufunguo haukuwepo.

"Umeuweka wapi?" Zenon alibweka.

"Kwenye kichuguu," alisema Fortunata.

"Kipi?"

"Sikuhesabu."

Gaudiosa alicheka mpaka akashika mbavu. Fortunata hakucheka. Aliitoa ile kofia ngumu kwapani, akaikabidhi kwa Maganga. Silvana akamvuta kifuani.

"Nimepoteza kazi, mama."

"Najua. Lakini cheti hawawezi kukunyang'anya. Lia kidogo, halafu ushike jembe."

Walikuwa bado wameshikana walipoisikia pikipiki. Ilikuja kwa kasi kutoka upande wa barabara ya Matai, ikakwama nyuma ya katapila, na abiria akaruka mfereji kwa miguu. Alikuwa mwembamba, koti limemzidi, akikohoa kikohozi kikavu cha watu wa shimoni. Alivuka ntumba bila kuikanyaga hata moja. Mtu wa nje hawezi kupita hivyo.

Zenon ndiye aliyemtambua kwanza. "Mwenyewe huyo," alisema, lakini hakuonekana kufurahi.

Wilibrodi alimwamkia mama yake. Gaudiosa hakuitikia. Wilibrodi akamtazama mkewe, akainamisha macho.

"Ndugu," Maganga aliharakisha, kalamu mkononi. "Swali moja tu. Baba yako alipofariki, ukoo ulimkabidhi nani shamba hili?"

Kila mtu akamgeukia Wilibrodi. Wanawake tisa, mwenyekiti, mpimaji, dereva asiye na kazi. Shamba la mwanamke, jasho la mwanamke, na lilikuwa limening'inia kwenye ulimi wa mtu aliyeliacha miaka minne. Silvana aliwaona wote wanavyosubiri, akajiona na yeye mwenyewe anasubiri, na kitu ndani yake kikakataa.

"Lete hiyo fomu," alimwambia Maganga.

"Mama, shahidi kwanza..."

"Lete."

Akaipokea. Akaiweka juu ya mpini wa jembe, akachukua kalamu kwa vidole vya matope.

"Miaka minne nimesubiri neno lako," alimwambia mumewe. "Ukisema kweli, utakuwa shahidi. Ukisema uongo, mtamalizana na mama yako. Mimi sisubiri tena."

Akaandika jina lake kwenye nafasi ya mmiliki. Herufi kubwa, moja moja, bila haraka.

"Futa," alisema Wilibrodi.

Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa mkewe.

"Nilisaini ili jina litakaloonekana liwe langu, lisiwe lako wala la mama." Alikohoa, akainama, mikono magotini. "Hujui hawa watu, Silvana. Mpanda tulizika wenzetu wawili waliokataa kusaini. Nyuma yangu kuna gari mbili zinapanda mlima, na humo hamna mpimaji. Wana orodha, na wanachotafuta ni jina la mwenye shamba. Futa kabla hawajafika."

Kutoka bondeni, ng'ambo ya katapila, milio ya injini ilianza kusikika. Zenon alikuwa ameshaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua. Maganga alimtazama Silvana, mkono umenyooshwa kuidai fomu, asijue aombe aipate ikiwa imeandikwa au imefutwa.

Silvana alipuliza wino ukauke. Akamrudishia fomu, akamrudishia na kalamu.

"Waje," alisema. "Wakisoma, wasome vizuri."